Asubuhi za Julai na Petroli ya Mama Beril

Msicheke kwanza. Najua mtu wa miaka thelathini na mbili hastahili kusema amestaafu. Anayesema hivyo huwa na mvi na anangojea pensheni. Lakini mimi nilifanya kazi moja miaka kumi, kifua kikaichoka kabla ya moyo, nikaiacha. Nilikuwa fundi wa baiskeli za injini Laini Saba, Kibera, kwenye kibanda cha mabati hatua ishirini kutoka kwenye reli. Siku hizi nauza misumari na rangi Kawangware, katika duka lenye dari, na hakuna anayenijia akitoka jasho akisema, "Fundi, hii kitu imekataa."

Isipokuwa Julai. Kila Julai simu yangu haipumziki. Nyinyi vijana mliorithi zile injini mnanipigia saa kumi na mbili asubuhi, sauti zinatetemeka kwa baridi, mnaniuliza kwa nini jana iliwaka na leo haiwaki. Basi nimeona niandike mara moja, mniache nipime misumari kwa amani. Nitaandika kama ninavyokumbuka, si kwa mpangilio. Na nitawaambia jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia yeyote kati yenu, ingawa nusu ya Kibera ilinisikia nikilisema.

Kwa asiyejua: ni baiskeli ya kawaida, ile ya mtungi wa maji na gunia la makaa, ila imefungwa injini ndogo ya mipigo miwili katikati ya fremu, na tangi la lita mbili juu yake. Haina ufunguo. Unashika klachi, unanyonga pedali mpaka mwendo ukolee, unaachilia klachi, na injini inaamka kwa kelele ya cherehani iliyokasirika. Injini hii haina oili yake pembeni kama pikipiki. Oili inachanganywa ndani ya petroli, zinaungua pamoja. Kwa hiyo ukikosea mafuta umekosea kila kitu.

Mimi sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwenye simu, kwa video zilizokwama kila fundi alipofika mahali pa maana, na kwa kuvunja. Injini ya kwanza niliyofungua ilikuwa na bolti ishirini na mbili. Nilipoifunga nikabaki na bolti tatu mkononi, na ikawaka. Mwenyewe alifurahi sana akaondoka. Mimi sikulala. Kesho yake nilimfuata mpaka Sarang'ombe nikamwomba niifungue tena, akadhani nataka kumwibia.

Hivyo ndivyo nilivyo, na si sifa. Nilikuwa naosha bolti kwa sabuni na mswaki. Nilikuwa naandika kila kazi kwenye daftari la hesabu la miraba, halafu narudi kusoma nilichoandika, halafu narudi kukagua baiskeli. Waendeshaji walikuwa wanasema Naliaka, yaani mimi, huosha bolti kuliko sufuria, na hawakusema uongo. Watu hudhani mtu wa namna hiyo hakosei. Hukosea sana, ila hukosea kwa usafi.

Tuanze na mafuta.

Mtu pekee ninayeweza kumwita mwalimu ni Mungai, mzee wa Kawangware aliyekuwa anatengeneza mashine za kukata nyasi, zile wanazobeba vijana mabegani kwenda kwenye nyumba zenye ua mkubwa. Injini ni ndugu wa zetu. Nilienda kwake mara ya kwanza kununua plagi, nikamwuliza oili inawekwa kiasi gani. Akanijibu, "Weka mpaka iwe rangi ya chai ya mtu mkarimu."

Nikarudi nyumbani na hilo jibu na halikunipa usingizi. Mkarimu gani? Chai ya nyumba ipi? Nikaenda duka la dawa nikanunua sindano kubwa ya mililita ishirini, bila ile ncha yake. Kwa lita moja ya petroli, sindano mbili za oili ya injini ya mipigo miwili. Injini ikiwa mpya, tatu, kwa wiki zake za kwanza. Si oili ya gari. Oili ya gari haiungui vizuri, inaacha masizi kama ya sufuria ya githeri. Nilipomwonyesha Mungai sindano yangu alicheka mpaka akakalia ndoo. "Msichana wangu," akasema, "unaitibu ama unaitengeneza?" Lakini wiki iliyofuata nilikuta naye ana sindano mfukoni.

Wakati wa baridi kuna jambo ambalo kila mwaka mnalifanya, na kila mwaka mnadhani ni nyinyi mliolivumbua. Mnaongeza oili. Okoth, ambaye mtamsikia sana humu, aliniambia, "Fundi, baridi ikija si hata wewe unavaa sweta? Nimeivalisha." Alikuwa ameivalisha sweta tatu. Plagi ilitoka nyeusi, inadondoka, na moshi wake uliwafanya akina mama wa mandazi wafunike karai. Injini baridi haitaki oili zaidi. Inataka petroli nyingi kidogo na hewa kidogo, kwa dakika moja tu, halafu irudi kula kama kawaida.

Nunua petroli mbichi. Iliyokaa tangini mwezi mzima imeshapoteza ile nguvu nyepesi inayoshika moto upesi, na asubuhi ya baridi hiyo ndiyo unayoihitaji. Tikisa kabla ya kumimina, maana oili huzama ikilala. Jioni ukifika nyumbani, usizime injini kwa klachi. Funga bomba la mafuta uiache imalize kilichomo kwenye kabureta mpaka ife yenyewe, ili asubuhi isiamke na tone la oili nzito kooni.

Na kuwasha ni hivi. Fungua bomba la mafuta. Pembeni ya kabureta kuna kitufe kidogo; kibonyeze mara tatu nne mpaka uone unyevu wa petroli. Inua choki, yaani kile kibati kinachoziba mdomo wa kabureta ili injini ivute petroli zaidi kuliko hewa; unakiinua kwa lever, kile kijiti cha nje. Mkono wa mafuta usiuzungushe hata kidogo. Najua mkono unakuwasha, uache. Nyonga mizunguko kumi ukiwa umeshika klachi, achilia, endelea kunyonga. Ikishakohoa, shusha choki nusu. Ikishanguruma, shusha yote. Ikizama kwa petroli, utajua kwa harufu. Hapo shusha choki, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, nyonga kama unayefukuzwa, na hewa itaikausha.

Ikikataa kabisa, toa plagi uipashe moto. Hii nilijifunza kwa aibu. Nilichukua plagi ya mteja nikaiweka katikati ya makaa ya jiko la mama wa mandazi, nikaenda kutafuta kitambaa. Niliporudi ile kauri nyeupe ilikuwa imepasuka kama yai. Plagi inapashwa kando ya jiko, mpaka ukiishika kwa kitambaa uone joto la kikombe cha chai, basi. Na jiko likae mbali na baiskeli. Petroli haina utani. Msione nawachekesha hapa mkadhani na hilo ni la kuchekesha.

Sasa nije kwenye karatasi.

Mungai ndiye aliyenionyesha namna ya kujua petroli iliyotiwa mafuta ya taa. Unachukua karatasi nyeupe, unadondoshea tone moja, unapepea. Petroli safi inakauka na karatasi inarudi nyeupe kana kwamba hapakuwa na kitu. Ikiwa na mafuta ya taa, inabaki alama, kama karatasi iliyofungiwa chapati. Nilipenda jaribio hilo kupita kiasi. Lilikuwa safi, halikuwa na chai wala ukarimu. Nilikuwa na karatasi za miraba tayari, nikawa napima petroli ya kila mtu hata asiyeniomba.

Mbele ya kibanda changu, ng'ambo ya njia, alikuwa Mama Beril. Alikuwa anauza petroli kwa kibali cha mwenye kituo kimoja cha mafuta huko juu: pipa moja la chuma lenye pampu ya mkono, ndoo mbili za mchanga, na amri ya kutosogea na sigara aliyoitekeleza kwa mwiko. Wenye pikipiki walinunua petroli tupu. Sisi wa baiskeli alitutengea dumu lake la bluu, ambamo alikuwa ameshachanganya oili kwa kipimo changu, sindano mbili kwa lita. Nilimfundisha mwenyewe. Miaka sita nilinunua kwake. Aliniita nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na mimi nilimletea mboga ya mrenda kutoka kwetu kila nilipokwenda.

Julai hiyo ilikuwa mbaya. Manyunyu kila siku, mabati yanadondosha maji bila mvua, mtu anapumua moshi. Okoth alikuwa anasambaza mikate. Aliichukua kwenye kiwanda kidogo Kawangware saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akaigawa kwenye vibanda kumi na vitatu kuanzia Sarang'ombe hadi kwetu. Mwenye kiwanda alikuwa amemwambia waziwazi: ukichelewa mara tatu ndani ya mwezi, njia anapewa mwingine. Okoth alikuwa ameshachelewa mara moja.

Siku ya Jumanne akanigongea saa kumi na mbili kasorobo, ameisukuma baiskeli kutoka mtaa wa Raila anakoishi.

"Fundi, nimenyonga mpaka nimeona nyota. Haikohoi hata."

"Umeinua choki?"

"Nimeinua, nimeshusha, nimeinua tena. Nimeiombea."

Nikatoa plagi: cheche ya bluu, nzuri. Nikapima mgandamizo kwa kidole: mzuri. Petroli inashuka, kabureta safi, maana niliiosha mwenyewe. Nikajiambia, kila kitu nilichogusa mimi kiko sawa, kwa hiyo tatizo liko kwenye kitu ambacho sikukigusa mimi. Someni sentensi hiyo mara mbili. Ndipo nilipopotelea.

"Petroli umetoa wapi?"

"Si hapo kwa Mama Beril. Kila siku."

Nikachukua karatasi, nikadondoshea tone kutoka tangini, nikapepea. Alama ikabaki. Mviringo mkubwa, unaona mwanga upande wa pili.

Kwa Mama Beril kulikuwa na waendeshaji kama saba wa pikipiki na baiskeli, wamekunja mikono makwapani wakingojea zamu. Ningeweza kuvuka njia nikamnong'oneza. Nikainua karatasi juu.

"Okoth, unaona hii? Hii ni mafuta ya taa! Injini yako inalishwa mafuta ya stovu!"

"Ati nini?" mmoja akageuka.

"Ndio maana pikipiki yangu inanuka kama jikoni kwa shosho wangu mzee," mwingine akasema, na wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kinaondoka wakati huohuo. Mmoja akapanda akaenda. Halafu wa pili.

Mama Beril akavuka njia akiwa na aproni yake na mpira wa pampu mkononi.

"Nyar Bungoma, umesema nini?"

"Nimesema vile karatasi inasema, Mama Beril."

"Karatasi iko na mdomo? Hii miaka yote unanunua kwangu, nimewahi kukuuzia maji? Nimewahi kukuuzia uongo?"

"Mimi sisemi ni wewe. Labda huko inakotoka."

"Lakini umesema ukiangalia mimi," akasema. "Na hawa wote wameangalia mimi."

Tukamsukuma Okoth watu watatu kwenye mteremko mpaka injini ikapiga kelele, akaenda. Alichelewa. Hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mchana wake nikamwaga kila kitu tangini. Nilienda mwenyewe kituo cha mafuta, nikanunua lita mbili, nikachanganya kwa sindano, nikamjazia. Nilimwambia alale usingizi. Mimi nililala wa kwanza, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu, na lingenitia wasiwasi kama ningekuwa na akili.

Asubuhi ya Jumatano, saa kumi na mbili kasorobo, mlango ukagongwa.

"Fundi," Okoth akasema, "mafuta yako pia imekataa."

Tulimsukuma kwenye mteremko uleule. Alifika kiwandani amebakiza dakika moja, mwenye kiwanda anaangalia saa. Nami nikafunga kibanda nikaenda Kawangware kwa miguu, maana nilihitaji kutembea, nikamweleza Mungai kila kitu kwa mpangilio, nikasoma hata daftari. Alikuwa anapaka grisi kisu cha mashine. Hakuinua kichwa.

"Hiyo ya Mama Beril uliipima ikiwa imewekwa oili, ama bado?"

"Nilitoa tangini."

Akaweka kisu chini.

"Kwa hivyo ilikuwa na oili."

Nakumbuka redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Oili huacha alama. Bila shaka huacha alama, ni oili! Petroli yoyote duniani iliyochanganywa kwa ajili ya injini zetu ingeacha mviringo uleule, hata ile niliyonunua mwenyewe kituoni. Jaribio lile ni la petroli tupu, kabla hujatia kitu. Mungai aliponionyesha, petroli ilikuwa haijatiwa oili, na sikuuliza, maana lilikuwa limenipendeza sana.

"Hata ungepima ile wanatia kwenye ndege, ukishaweka oili inachora," Mungai akasema. Halafu, kwa upole ambao uliniuma zaidi, "Na choki? Inaziba?"

"Lever inapanda vizuri."

"Sijauliza lever. Mdomo wa kabureta unazibika?"

Hapo nikakumbuka Februari.

Februari, wakati wa joto, nilikuwa nimeihudumia baiskeli ya Okoth, nikaona ribiti, kile kipini kinachoshika kibati cha choki, imelegea. Nikaogopa ingeanguka ndani ya injini ikakwaruza silinda. Nikakitoa kibati. Lever ya nje nikaiacha, kwa sababu bila hiyo pangebaki tundu na kabureta ingeonekana haijakamilika. Nikaiosha, nikaikaza, ikapendeza. Nairobi hakuna baridi ya kuhitaji choki, nikajiambia. Nikakitia kibati kwenye mkebe wangu wa vitu vidogo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuandika kwenye daftari. Tangu hapo Okoth alikuwa anainua na kushusha kitu kisichokuwepo.

Nilirudi Laini Saba mbio. Okoth alikuwa ameshagawa mikate; nikafungua kichungi cha hewa cha baiskeli yake, nikainua lever, nikachungulia: naona mpaka ndani, wazi kama dirisha. Nikaziba mdomo wa kabureta kwa kiganja, Okoth akanyonga, na injini ikawaka kabla sijatoa mkono. Nilisikia ikininyonya ngozi. Jioni ileile, Okoth akiwa ameniachia baiskeli bila kujua kitu, nikakirudisha kibati kwa ribiti mpya.

Alhamisi asubuhi baiskeli iliwaka mzunguko wa tatu. Okoth akaipigia honi ya mdomo njia nzima.

"Mnaona? Nilikuwa nawaambia! Fundi alisema ni mafuta, na ni mafuta! Ya kituo imewaka! Jana ilikuwa bado inatapika ile ya zamani!"

Hapo ndipo mahali penyewe, vijana. Kosa la kwanza lilikuwa la ujinga, nalo linaosheka. Lakini siku ile nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, Okoth ananisifu, na kila neno lake lilikuwa linamzika Mama Beril, na mimi peke yangu nilijua. Ningesema sentensi moja. Nilisema, "Endesha polepole, kuna utelezi."

Niliwaza nini? Niliwaza jina langu. Sikuwa na cheti, sikuwa na mwalimu wa kumtaja, nilikuwa mwanamke mwenye bolti safi. Watu waliniletea baiskeli zao kwa sababu waliamini sikosei. Nikajiambia nitamwambia Mama Beril pembeni. Halafu nikajiambia nitamwambia Ijumaa.

Ijumaa nilikaa nikitazama pipa lake. Kwa kawaida gari la kituo lilikuja kumjazia kila baada ya siku mbili. Halikuja. Na mimi, ninayejua petroli hufanya nini ikikaa, nilijua kwamba mafuta yake yaliyokuwa mazuri sasa yanaanza kuchakaa kwa sababu yangu. Binti yake, Beril, alipita mbele ya kibanda na sare ya shule, akatazama upande wa reli. Jioni nikamsikia Mama Beril akimwambia muuza mboga kwamba mwisho wa mwezi atalirudisha pipa, ajaribu kuuza mitumba.

"Mitumba haina karatasi ya kuipima," akasema, kwa sauti ya kunifikia.

Jumamosi asubuhi, wakati waendeshaji wamejaa wakingojea abiria wa soko, nilibeba stuli nikaivusha njia. Nilikuwa na karatasi tatu.

"Naomba mnisikilize dakika moja," nikasema.

"Fundi wa bolti safi anaingia siasa!" mtu akapiga kelele.

Nikadondosha tone la petroli tupu ya Mama Beril kwenye karatasi ya kwanza, nikapepea. Ikakauka nyeupe. Nikaipitisha mkononi kwao. Kwenye ya pili nikadondosha petroli ya kituo niliyoitia oili mwenyewe: mviringo. Kwenye ya tatu, kutoka dumu la bluu: mviringo uleule.

"Alama ni ya oili," nikasema. "Si ya mafuta ya taa. Nilipima vibaya. Mafuta ya Mama Beril ni safi, yalikuwa safi Jumanne, na mimi niliwadanganya."

"Na ya Okoth iliwakaje ukibadilisha?" mmoja akauliza.

Nilikuwa natumaini hawatauliza. Okoth alikuwa palepale, makreti tupu nyuma.

"Nilitoa choki yake Februari, sikurudisha. Iliwaka kwa sababu niliirudisha Jumatano."

Okoth akatazama kabureta yake, akatazama mimi.

"Kwa hivyo miezi mitano," akasema taratibu, "nimekuwa nikiinua na kushusha kitu haiko?"

"Miezi mitano."

"Na nikaiombea!"

Wakapasuka kicheko, na yeye akacheka, lakini aliipanda baiskeli akaenda bila kuniaga. Wiki mbili zilizofuata alikuwa anatengenezewa kwa fundi wa Sarang'ombe. Wengine watatu pia. Nilistahili, na nawaambia msije mkadhani ukisema ukweli watu watakupigia makofi.

Mama Beril alikuwa amesimama kando ya pampu, amekunja mikono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama Beril. Nisamehe."

"Jumanne ulisema kwa sauti gani?"

Sikuelewa.

"Jumanne nilikusikia nikiwa huko ndani, na pampu inalia. Hii ya leo ni ya kanisani." Akafungua aproni, akaikunja, akafunga kufuli la pipa. "Na waliokimbia hawako hapa. Twende."

Tukaenda. Alinishika mkono kama mtoto anayepelekwa kliniki. Kila stegi ya bodaboda, pale wanapongojea abiria, kutoka Laini Saba mpaka Raila, alinisimamisha katikati, akasema, "Huyu ana neno," akarudi nyuma hatua mbili. Nilisema yote kila mara: karatasi, oili, kibati, Februari, Jumatano. Stegi ya kwanza nililia kidogo. Ya pili nikasahau kutaja Jumatano, na Mama Beril akakohoa mpaka nikaitaja. Ya tatu wakaniuliza kama nalipwa. Ya nne sauti ilitoka bila kutetemeka, na nikagundua kwamba hakuna kilichobaki cha kuficha, na kifua changu, kile kilichojaa moshi, kilikuwa kimeingiza hewa mpaka chini.

Stegi ya mwisho ilikuwa Raila, karibu na anakoishi Okoth. Nilipomaliza, kijana mmoja mwenye baiskeli ya injini, koti limefungwa mpaka kidevuni, akanisogelea.

"Sasa fundi, na yangu asubuhi pia inasumbua. Nianze na nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Beril akamjibu.

"Muulize yote leo. Leo hawezi kukuficha kitu."

"Anza na choki," nikamwambia. "Lakini toa kichungi kwanza, uchungulie uone kama iko."